Safu ya Ushauri: Barabara inapita katika eka tatu za babu yangu, na mwenye kujaza fomu ni mimi

BARUA

Assalamu alaykum mama mshauri,

Mimi ni kijana wa Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba. Nimesomea upimaji wa ardhi, na tokea mwaka jana nimeajiriwa katika mradi wa kutanua barabara ya vijijini kwetu na kuitia lami. Kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba nikiwa na mthamini na sheha, yaani kiongozi wa shehia yetu, kuorodhesha kila mwenye kitu ndani ya upana wa barabara mpya, kupiga picha, kujaza fomu na kuwatilisha watu saini. Nilichaguliwa kwa sababu ni mwenyeji, na uwenyeji huo ndio unaoniponza sasa.

Njia inakata pembe ya eka tatu alizopewa marehemu babu mzaa mama baada ya Mapinduzi. Babu aliacha mke, ambaye naye ameshafariki, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Mirathi haijawahi kugawiwa. Mjomba mkubwa ndiye anayekaa pale na kusimamia uchumaji wa karafuu, mjomba mdogo yuko Muscat miaka mingi, na mama yangu na dada zake hupelekewa chochote msimu ukiwa mzuri. Mjomba amenitaka nimwandikie yeye peke yake, kwa kuwa hati iko mkononi mwake na, kwa maneno yake, wanawake wana waume zao. Mama amenyamaza, lakini mimi ni mwanawe na najua kuwa hajaridhika.

Pembezoni mwa shamba kuna mikarafuu iliyopandwa na jirani kwa ruhusa ya babu. Jirani huyo amefariki na mjane wake, bibi mtu mzima, ndiye anayeichuma mpaka leo. Mjomba anasema mti uliomo ndani ya shamba lake ni wake. Pia kuna minazi miwili inayosemwa kuwa ni wakfu wa msikiti, na chini ya mwembe kuna makaburi mawili ya zamani ambayo hayana jina.

Msimamizi wangu anasema shamba moja saini moja, na wenye kugombana watagombana wenyewe baada ya malipo, kwa sababu mitambo ya mkandarasi imeshafika. Wanakijiji wananiuliza mkarafuu mmoja utalipwa kiasi gani, na nikijibu kuwa sijui wanasema nimeshanunuliwa. Wengine wameanza kupanda migomba pale palipotiwa vigingi. Je, nimwandikie mjomba? Nijitoe katika kazi? Na yule bibi nimfanyeje?

Kijana wa Wete

JAWABU

Waalaykumu salaam mwanangu,

Usimwandikie mjomba wako peke yake, na fomu ya shamba la babu yako usiijaze wewe, hata kama warithi wote watakuja pamoja kutia saini. Mama yako ni mmoja wa wenye haki katika shamba hilo, kwa hiyo kila tarakimu utakayoiandika pale, ikiwa kubwa au ndogo, itasomwa kuwa umeiandika kwa ajili yake au kwa kumwogopa mjomba. Mwandikie msimamizi wako barua fupi leo, ueleze kuwa shamba hilo ni la ukoo wako na uombe afisa mwengine alishughulikie. Baki na nakala yenye tarehe na muhuri wa kupokelewa. Kujitoa katika kazi nzima hakuna haja, na naona kungekuwa hasara kwa kijiji, kwa sababu atakayeletwa badala yako pengine hatojua kuwa ile minazi miwili ina mwenyewe.

Sasa nikueleze kwa nini kauli ya shamba moja saini moja haiwezi kusimama hapa kwetu. Nimefanya kazi ya uthamini kwa muda mrefu kabla ya kuandika safu hii, na migogoro mikubwa niliyoikuta haikutokana na bei. Ilitokana na mtu mmoja kulipwa haki ya watu sita. Kwa Sheria ya Matumizi ya Ardhi Nambari 12 ya mwaka 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni ya umma na imekabidhiwa kwa Rais kwa niaba ya wananchi. Raia huwa na haki ya kuitumia, na haki hiyo hurithiwa. Juu ya ardhi hiyo kuna miti, na kwa desturi ya visiwa hivi, ambayo sheria hiyo imeitambua, miti inaweza kuwa ya mtu ambaye si mwenye ardhi. Kuna nyumba, ambayo huenda imejengwa na mtu wa tatu. Kuna mtu anayelima muhogo chini ya minazi ya mwenziwe kwa ruhusa ya mdomo. Wote hawa wanapoteza kitu siku greda linapopita, na kila mmoja anapoteza kitu tafauti. Fomu yenye nafasi ya jina moja inawafuta wote isipokuwa aliyewahi kuishika kalamu.

Msimamizi wako akikwambia kuwa ardhi ni ya Serikali na kwa hiyo hakuna cha kuchunguza, mkumbushe kwa adabu Kifungu cha 17 cha Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984. Kifungu hicho hakiruhusu mtu kuondolewa mali yake ya aina yoyote ile ila kwa masharti: iwe ni kwa manufaa ya umma, haja yenyewe iwe na uzito wa kuhalalisha taabu atakayoipata mwenye mali, pawepo na sheria inayohakikisha malipo ya haraka ya fidia ya kutosha, na mwenye mali awe na njia ya kufika Mahkama Kuu. Barabara ni manufaa ya umma bila ya shaka. Nimeona mama mjamzito akipakiwa katika gari ya ng'ombe kwa sababu taxi zimekataa kuingia njia ya udongo wakati wa masika, na sitomsikiliza mtu atakayeniambia kuwa Pemba haihitaji lami. Lakini manufaa ya umma ni sharti la kwanza tu, na yaliyobaki yana nguvu ile ile.

Nije kwa mjomba wako. Hati ya eka tatu ni karatasi yenye thamani kubwa na ni vizuri kwamba imetunzwa, lakini inathibitisha kuwa babu yako alipewa shamba. Haithibitishi kuwa aliyeihifadhi ndiye mrithi pekee. Babu alipofariki, vyake vilikuwa vya warithi wake kwa mafungu yanayojulikana na kila aliyekaa darsani: mke aliye na watoto ana thumni, na kinachobaki hugawiwa watoto, mwanamme kwa mafungu mawili na mwanamke kwa moja. Fungu la bibi yako nalo likawarudia watoto wake alipofariki yeye. Kwamba wanawake wana waume zao si hoja katika mirathi, na mjomba, nikimdhania mema, analijua hilo. Waume zao wamekuwepo siku zote na Qurani iliwapa fungu lao pamoja na hivyo.

Njia iliyonyooka ni familia kwenda Mahkama ya Kadhi kufungua mirathi, itambue warithi na mafungu yao. Wakati jambo hilo likiendelea, tathmini isisimame. Mradi uandike shamba kwa jina la "warithi wa marehemu", uorodheshe wote watano, na fedha ziwekwe mahali ambapo hazitoki mpaka hukumu ya mirathi ionyeshwe. Hilo halimcheleweshi mkandarasi hata kidogo ikiwa fedha zimeshatengwa na warithi wamejulishwa kwa maandishi. Mjomba ana dai lake pia ambalo lisipuuzwe: kama kuna mikarafuu aliyoipanda yeye mwenyewe baada ya babu kufariki, au nyumba aliyoijenga kwa fedha yake, viandikwe kwa jina lake kando. Watu wengi hung'ang'ania saini ya shamba zima kwa kuogopa kuwa jasho lao litamezwa na mirathi. Akiona kuwa miti yake mwenyewe imehesabiwa peke yake, huenda akalegeza kamba.

Mama yako asisemewe na wewe. Mwambie aende mwenyewe na dada zake kwa yule afisa mwengine, au kwa sheha, waseme mbele ya mashahidi kuwa wao ni warithi na wanataka waandikwe. Sentensi moja inatosha, na ikishaandikwa katika daftari la mradi, hakuna atakayeweza kusema baadae kuwa hawakuwahi kudai.

Yule bibi, mjane wa jirani, ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, kwa sababu hana karatasi na shahidi wake mkuu, babu yako, hayupo. Haki yake itasimama juu ya ushahidi wa watu, na ushahidi huo upo kwa wingi ukijua pa kuutafuta. Waulizeni wachumaji. Mchumaji wa karafuu anajua mti huu ni wa nani, kwa sababu anajua pishi zake alizipeleka kwa nani na nani alimlipa. Waulizeni majirani wa pande zote mbili, na wazee waliokuwepo miti ilipopandwa. Stakabadhi za mauzo za ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, zitazameni, lakini kwa uangalifu: zinaonyesha nani aliyefikisha karafuu kituoni, na mjane asiyekuwa na chombo cha kuzifikishia aghlabu humpa mtu akamuuzie. Stakabadhi yenye jina la mjomba wako, kwa hiyo, haimalizi suala la mwenye mti.

Siku ya kuhesabu, bibi awepo mwenyewe, hata ikiwa ni kukalishwa kwenye kiti chini ya mwembe. Namna ninayoiamini ni hii. Mwenye mti anatembea mbele, mthamini nyuma yake, na kila mti unatiwa nambari ya rangi usawa wa kifua, upande unaotazama njia. Nambari hiyo inaandikwa katika fomu pamoja na hali ya mti: mche ambao bado haujazaa, mti ulioanza kuzaa, mti uliokomaa, mti unaokauka kwa ncha. Picha inapigwa mti na mwenyewe wakiwa pamoja, nambari ikionekana. Miche midogo iliyojificha katika majani nayo inahesabiwa, kwa sababu mtu ameinunua au ameiotesha na ameimwagilia. Mwisho jumla inasomwa kwa sauti, na nakala ya fomu inabaki mkononi mwa mwenye mti siku hiyo hiyo. Fomu ikiondoka shambani bila ya kuacha nakala nyuma, mimi siihesabu kuwa imejazwa. Na kwa asiyejua kusoma, msomaji awe ni mtu aliyemchagua yeye, asiwe mtumishi wa mradi.

Kuhusu thamani ya mkarafuu kuna jambo ambalo kijana aliyesomea upimaji huenda hakulifundishwa. Mkarafuu hauzai sawa kila mwaka. Huja msimu mkubwa ambapo majamvi ya kuanikia karafuu yanajaa mpaka barabarani, kisha miaka ya nyuma yake miti hupumzika na mtu akachuma kidogo tu. Mthamini anayekuja katika mwaka wa kupumzika na kuuliza "mwaka huu umepata ngapi?" atamdhulumu mwenye mti bila ya kukusudia. Inapasa kutazamwa misimu kadhaa, mikubwa na midogo, na makonyo, vile vijiti vya karafuu, nayo yasisahauliwe, kwa kuwa yanauzwa na kukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Halafu mti unaokatwa leo hauwezi kurudishwa kwa bei ya mche. Mche mpya hukaa miaka kama sita au zaidi ndipo uanze kuzaa, na miaka mingi mengine mpaka ufikie ulioondoshwa, wakati ule uliokatwa ungeweza kuendelea kumlisha mwenyewe na wajukuu wake. Bibi wa umri ule hatoufikia mkarafuu mpya. Fidia yake ikokotolewe kwa kulijua hilo.

Minazi ya wakfu isiandikwe kwa jina la mjomba wala la imamu. Ipelekeni taarifa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na kamati ya msikiti iulizwe nani aliyeiweka wakfu na kwa matumizi gani, kwani mapato ya nazi hizo yalikusudiwa jambo maalumu na fidia yake lazima ifuate kusudio hilo. Makaburi ni ya kwanza kabisa kushughulikiwa, kabla ya miti na kabla ya nyumba. Muulizeni mhandisi kama njia inaweza kusogezwa. Mara nyingi inaweza, ikiwa ameambiwa mapema wakati bado ni mstari katika karatasi. Ikishindikana, mashauriano yafanywe na Ofisi ya Mufti na wazee wa kijiji, na hata kaburi lisilo na jina litangazwe msikitini ili mwenye kulijua ajitokeze. Kijiji kinaweza kusamehe bei ndogo ya migomba. Sijaona kijiji kilichosamehe kaburi lililopitiwa na tingatinga.

Migomba iliyopandwa baada ya vigingi inaonyesha kuwa mradi haukutangaza tarehe ya mwisho ya kuorodheshwa, au ulitangaza pasipo kusikika. Tarehe hiyo ndiyo inayotenganisha kilichokuwepo na kilichoongezwa kwa kutarajia malipo. Itangazwe kwa maandishi ofisini kwa sheha, baada ya sala ya Ijumaa, na katika redio, na pawepo na picha za ukanda mzima za siku ile. Waliokwisha kupanda kabla ya tangazo wasitukanwe kuwa ni wezi. Waambiwe wazi kitakachohesabiwa na kisichohesabiwa.

Uliza pia ni nani anayetoa fedha za mradi, kwani hukulitaja. Kama ni mkopo wa Benki ya Dunia, miradi iliyoanza kutayarishwa chini ya masharti yaliyoanza kutumika Oktoba 2018 inafuata kiwango chake cha tano, kinachohusu utwaaji wa ardhi. Kiwango hicho kinataka fidia ilingane na gharama halisi ya kurudisha kilichopotea, na ilipwe kabla ya mtu kuondolewa panapowezekana. Kinawatambua wenye hati, wasio na hati lakini wenye dai linalotambulika kisheria, na hata wasio na haki yoyote juu ya ardhi, ambao hulipwa kwa walichokipanda au kukijenga na kusaidiwa kujipanga upya. Benki ya Maendeleo ya Afrika nayo ina masharti yanayokaribiana na hayo. Miradi ya namna hiyo huwa na mpango wa fidia ulioandikwa. Uombe, usome, kisha msimamizi wako akirudia kuwa watu watagombana wenyewe baada ya malipo, mwonyeshe ukurasa unaomkatalia. Mitambo iliyofika mapema ni hesabu ya mkandarasi na mwajiri wake, na gharama hiyo haiwezi kuhamishiwa kwa mjane.

Wanaosema umenunuliwa wanasema hivyo kwa sababu wanakuona unaingia nyumba moja moja na kutoka kimya. Omba kikao cha hadhara barazani kwa sheha, mthamini akiwepo, aeleze namna bei zinavyopatikana. Bei yenyewe usiitaje wewe kabla ya kuidhinishwa, hata kwa rafiki, hata kwa mama yako, kwa sababu ukikosea tarakimu moja utaonekana kuwa umeila. Waeleze njia za kulalamika zilizopo: kamati ya malalamiko ya mradi kwanza, kisha ofisi ya wilaya, kisha Mahkama ya Ardhi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Mahkama Kuu ambayo Katiba imewahakikishia. Waeleze pia kuwa kutia saini fomu ya orodha ni kukubali kuwa miti imehesabiwa sawa. Kukubali bei ni saini nyengine, ya siku nyengine, na mtu ana haki ya kuichelewesha mpaka ameelewa.

Limebaki suala la mjomba wako wa Muscat. Asiandikwe kwa kauli ya simu, wala ndugu yake asimtilie saini kwa kudai kuwa amemruhusu. Apigiwe, aelezwe, na akitaka mtu amsimamie aandike hati ya uwakala inayotaja shamba lenyewe na jambo analoliruhusu, kisha aithibitishe katika ubalozi wa Tanzania kule alipo na kuileta ya asili. Anaweza kumchagua mmoja wa dada zake, na kama mimi ningeulizwa ningependa iwe hivyo. Jambo hili linachukua muda, kwa hiyo mtu wa familia ampigie wiki hii, kabla ya faili kufunguliwa kwa Kadhi. Asiwe wewe.